Snea iliyodhaniwa mbovu: uchambuzi wa kisa kimoja cha drams za kanisani

Mazingira

Kisa hiki kimetoka katika kanisa moja kwenye mji wa pwani ya Tanzania, kanisa ambalo sifa za Jumapili hazikolei bila drams. Majina ya watu, ya mji na ya kanisa nimeyaacha. Viongozi wenyewe waliridhia kisa kiandikwe, kwa sababu wanaamini yaliyowapata wao yanawapata wengi.

Seti yenyewe ina ngoma tano: kiki (ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu) ya inchi 22, tomu mbili za inchi 12 na 13, tomu ya chini ya inchi 16, na snea, yaani ngoma fupi yenye nyaya zilizolazwa juu ya ngozi yake ya chini, ya chuma, ya inchi 14, kina chake inchi 5 na nusu, yenye skrubu 10 za kukazia kila upande. Ilikuja kwa kontena kutoka Uingereza ikiwa imeshatumika, pamoja na stendi zake zote. Kwa mali ya mtumba ilikuwa nzuri sana. Mbao za ngoma zilikuwa kavu na nzima, na snea ilikuwa ya mviringo kamili, haijabonyea popote.

Wapigaji ni watatu. Wa kwanza ni kijana mrefu aliyejifunza mwenyewe, wa pili ni baba wa makamo aliyepiga dansi zamani kabla ya kuokoka, na wa tatu ni binti wa sekondari, mwenye mkono mwepesi kuliko wenzake wote. Kila mmoja alikuwa akikaa anapandisha au kushusha stendi apendavyo. Ukumbi una sakafu ya vigae, paa la bati na kuta tupu. Mara kadhaa kwa mwaka vyombo hupakiwa kwenye pikapu kwenda mkutano wa nje, na stendi zilikuwa zikitiwa zote kwenye gunia moja bila kukunjwa vizuri. Bahari haiko mbali, na chuma chochote kisichofutwa hupata kutu mapema.

Kuna jambo moja la mazingira ninaloliona zito kuliko hayo yote. Wapigaji walijua kazi yao ni kupiga, fundi mitambo alijua kazi yake ni sauti, mhazina alishika pesa, na stendi ya snea haikuwa chini ya mtu yeyote.

Kilichotokea

Tatizo lilianza kimyakimya. Katikati ya pambio, snea ilikuwa ikishuka kidogokidogo, na mpigaji akijikuta anaifuata kwa mgongo. Ndani ya bomba la nje la stendi, pale linapopokea bomba la ndani, huwa kuna pete ya plastiki ngumu. Kazi yake ni kulishika bomba la ndani kuzunguka pande zote, ili ukikaza nati yenye masikio mkazo usambae. Pete ile ilikuwa imepasuka, na kipande chake kimoja kilikuwa kimedondoka bila mtu kukiona. Sasa boliti ya nati hiyo ilikuwa inagusa chuma kitupu mahali padogo kama punje ya mchele.

Mpigaji akikaza kwa vidole, snea ikashuka. Kijana mrefu akaleta plaizi. Kwa plaizi ilishika, lakini boliti ikaanza kuchimba bomba, na baada ya muda bomba likawa na mfereji wa wima ambao boliti iliteleza humohumo. Hesi za nati nazo zikaliwa. Jumapili moja, watu wakiwa wamesimama wanaimba, stendi ikaachia yote kwa mkupuo, snea ikagonga vigae, na ibada ikasimama kwa muda ambao kila aliyekuwepo anaukumbuka.

Wiki hiyohiyo mzee mmoja wa kanisa aliipeleka stendi kwa fundi wa kuchomelea, wakaliunga bomba la ndani na la nje. Kimo kilichochaguliwa kilikuwa cha kijana mrefu, kwa kuwa ndiye aliyeipeleka pamoja na mzee.

Hapo ndipo matatizo mengine yalipoanza kupanda juu ya la kwanza. Baba wa makamo akawa anapiga mabega yakiwa juu. Binti akaongezewa mto kwenye kiti ili afikie, na miguu yake ikawa haikanyagi pedali sawasawa. Fimbo yake ikawa inagonga ringi, yaani duara la chuma linalobana ngozi, kabla ya ngozi yenyewe, na sauti ikatoka kavu. Mipira inayovikwa kwenye mikono mitatu ya kikapu, yaani sehemu ya juu ya stendi inayoishika snea, ilikuwa imeshatoka zamani, moja baada ya nyingine. Chuma cha kikapu kikawa kinagusa chuma cha ringi, na snea ikawa inalia kama sufuria. Ili isilie, wakakaza kikapu kwa nguvu zote.

Fundi mitambo naye akalalamika kwamba snea haina mwili, na kila gitaa la besi likipigwa nyaya za chini ya snea zinavuma. Wakabandika plasta juu ya ngozi, kisha tishu chini ya plasta. Wakakaza nyaya mpaka mwisho. Ngozi ya chini ikapasuka, na dukani walipokwenda wakapewa ngozi ya inchi 14 iliyokuwepo. Ilionekana imara kuliko ile ya zamani, wakafurahi, wakaifunga.

Baada ya hapo snea ilikufa kabisa. Ukipiga taratibu hakuna kitu, ukipiga kwa nguvu inatoka sauti ya tomu. Kamati ikaamua kuchangisha kununua snea mpya. Mchango ulikuwa umefika zaidi ya nusu mchungaji aliponipigia simu kuniuliza niwashauri snea ya aina gani.

Uchunguzi

Kabla ya kutaja aina yoyote niliomba nione ya zamani ikiwa mahali pake, ilivyozoeleka kupigwa, bila kusafishwa wala kurekebishwa. Hili nawasihi wote wanaoitwa kukagua chombo. Kikishaondolewa kwenye stendi na kuwekwa mezani, nusu ya ushahidi imepotea.

Jaribio la kwanza halikuhitaji kifaa. Nilimwomba baba wa makamo aitoe snea kwenye kikapu, aishike kwa vidole kwenye ringi ya juu, na binti aigonge katikati kwa nguvu ya kawaida. Sauti ilifunguka papo hapo. Haikuwa nzuri, lakini ilikuwa na mwangwi uliokuwa haupo kabisa ilipokuwa kwenye stendi. Fundi mitambo aligeuka. Kwa hiyo sehemu ya ugonjwa ilikuwa kwenye stendi, na sehemu iliyobaki kwenye ngoma.

Kisha tukaigeuza snea juu chini. Kwenye ringi ya chini kulikuwa na makovu matatu yaliyofuta kromu mpaka kwenye chuma cheusi, kila kovu pana kama ukucha wa kidole gumba. Kati ya makovu mawili ringi ilikuwa imepinda kidogo kuelekea ndani. Ukiilaza juu ya kioo unaona mwanga ukipita. Kovu la tatu lilikuwa karibu na mahali nyaya zinapotokea, maana yake mkono mmoja wa kikapu ulikuwa ukikaa karibu chini ya nyaya zenyewe. Nyaya zilikuwa 20 kama kawaida, na nne kati yake zilikuwa zimepinda na kuning'inia.

Lakini kilichoua sauti kilikuwa ngozi. Ngozi ya juu ya snea huwa na unene wa karibu robo ya milimita, kwa sababu inapigwa. Ya chini haipigwi kamwe, na mara nyingi haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiishika dhidi ya dirisha unaona vidole vyako upande wa pili. Wembamba huo ndio unaoifanya itetemeke kwa mguso mdogo na kuzirusha nyaya. Waliyouziwa ilikuwa ngozi ya juu, nyeupe, yenye rangi ya kukwaruza. Nyaya zilikuwa zimelala juu yake kama zimelala juu ya meza.

Jambo la mwisho liliniuma zaidi. Binti alipoketi nilimuuliza anaionaje nafasi yake. Akajibu kwa adabu, akiangalia chini: "Shikamoo kaka, mimi nimezoea tu. Snea inanifikia tumboni, lakini nikishusha kiti sioni kiongozi wa sifa." Alikuwa na michubuko ya zamani kwenye vidole vya mkono wa kushoto, kwa kugonga ringi. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutonunua snea. Ile iliyopo ni ya chuma, ni nzima, na thamani yake ni kubwa kuliko snea mpya ambayo mchango ule ungeweza kununua. Nilimweleza mchungaji kwamba pesa zilizokwisha kuchangwa zingetosha stendi nzuri, ngozi mbili sahihi, seti ya nyaya na vifaa vidogo vyote, na nyingine zingebaki. Mhazina aliuliza swali la haki kabisa: waumini wamechangia snea, wataambiwaje? Tukakubaliana waelezwe ukweli Jumapili, na snea yenyewe ionyeshwe.

Uamuzi wa pili ulihusu stendi. Tulifikiria kuikata pale ilipoungwa na kuweka bomba jipya. Tuliacha. Moto wa kuchomelea ulikuwa umeunguza kromu, kutu ilikuwa imeshaingia ndani ya bomba, na pete ya plastiki ya kipimo kile haikupatikana. Tukachagua stendi mpya yenye miguu ya vyuma viwili viwili. Si kwa sababu snea ni nzito sana, ila kwa sababu vigae vinateleza na vyombo hivi vinasafiri. Kigezo kilichotuongoza dukani kilikuwa kimoja: fungua bomba, tazama kama pete ya plastiki ipo na ni nene, kisha kaza kwa vidole tu na ukandamize kikapu kwa kiganja. Ikishuka, iache. Stendi mbili za kung'aa sana zilishindwa hapo.

Tatu ni ngozi. Ya chini tuliagiza Kariakoo, Dar es Salaam, ikaja kwa basi, na tulisisitiza kwa muuzaji kwamba ni ya upande wa nyaya. Ringi ya chini tuliinyoosha kidogo kwa mkono juu ya ubao, tukijua haitarudi kuwa kamili. Kukaza kulifanywa mbele ya wapigaji wote watatu: skrubu zote kwa vidole kwanza mpaka zigusane na ringi, kisha nusu mzunguko kwa kila skrubu ukivuka kwenda ya upande wa pili, siyo kuzunguka kwa kufuatana. Ukifuatana, ngozi inavutwa upande mmoja na hutaipata tena. Ya chini ilikazwa sana, ya juu kwa wastani. Nyaya nne mbovu tungeweza kuzikata na nyingine zikaendelea kufanya kazi, lakini kwa kuwa pesa zilikuwepo tukaweka mpya.

Nne, kikapu. Kinakazwa mpaka snea isitoke ukiitikisa, basi. Mikono yake inakaa mbali na nyaya na mbali na liva ya kuzikazia. Kwa simbali, zile sahani za chuma za kugongwa, ambazo nazo zilikuwa zinakaa juu ya chuma kitupu, tulikata vipande vifupi vya mpira wa petroli wa pikipiki na kuvivika kwenye fimbo ya stendi. Simbali isiyo na kizuizi hicho hulika tundu lake la katikati mpaka liwe kama tundu la ufunguo, na ufa huanzia hapohapo. Moja ilikuwa imeshapasuka. Fundi wa kuchomelea alikuwa amejitolea kuiziba, na nilikataa kwa moyo wote: joto lile linabadilisha ugumu wa chuma chake, na sauti haitarudi.

Tano, kimo. Kila mpigaji alikaa kwanza kwenye kiti mpaka mapaja yakashuka kidogo kuelekea magotini, ndipo snea ikaletwa juu kidogo ya paja, mahali ambapo fimbo inagusa ngozi bila mkono kugusa mguu. Kila kimo kikawekwa alama kwenye bomba kwa rangi ya kucha, kila mtu na rangi yake. Rangi hizo alizileta binti. Kipaza sauti cha kiongozi kikasogezwa ili binti amwone bila kunyanyua kiti.

Matokeo

Ibada ya kwanza baada ya hapo fundi mitambo alishusha sauti ya snea kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganyia sauti, jambo ambalo alisema hajawahi kulifanya tangu vyombo vifike. Plasta na tishu havikuhitajika. Binti alipiga ibada nzima kwa mguso mwepesi, na sauti zile ndogondogo za kati ya pigo na pigo zikasikika mpaka nyuma. Wapo walioamini kwamba snea mpya ndiyo imefika.

Kuvuma kwa nyaya gitaa la besi likipigwa kulipungua lakini hakukwisha. Tuligundua tomu ya inchi 12 ilikuwa imekazwa kwenye sauti iliyokaribiana mno na ya snea, kiasi kwamba ukiipiga yenyewe, snea inaitikia. Tukaishusha kidogo. Kilichobaki ni cha chumba chenyewe na spika ya besi iliyopo nyuma ya drams, na hakitaondoka mpaka spika ihamishwe.

Miezi michache baadaye, baada ya mkutano wa nje, stendi mpya ilirudi bila nati moja yenye masikio. Ufunguo wa drams uliofungwa kwa kamba kwenye stendi ya haihati (simbali mbili zinazokutanishwa kwa mguu) nao ulipotea, na kijana mrefu akarudi kwenye plaizi. Alama ya kwanza ya meno ya plaizi kwenye nati mpya niliiona mwenyewe.

Uchambuzi

Ukiutazama mfuatano wote, chanzo ni pete ya plastiki. Kila hatua iliyofuata ilikuwa jibu la hatua iliyotangulia, na kila jibu lilikuwa na mantiki kwa aliyelitoa. Stendi inashuka, kaza kwa plaizi. Plaizi imekula bomba, chomelea. Kikapu kinalia, kibane. Snea imebanwa, kaza nyaya. Ngozi imepasuka, weka nene. Hakuna mzembe hapo. Ninapinga sana tabia ya kuwalaumu wapigaji wa makanisani kwamba "wanaharibu vyombo", kwa sababu hawa walikuwa wanavihangaikia kila wiki, kwa mikono yao na kwa pesa zao.

Hata kuchomelea nisingekuita upumbavu. Snea imeanguka mbele ya watu, Jumapili nyingine inakuja, kipuri hakipo mjini, na fundi wa chuma yupo mtaa wa pili. Kosa ni kwamba kulifanywa kuwa suluhisho la kudumu, na kimo kikaamuliwa na aliyekuwepo. Bomba lingeweza kushikiliwa kwa kibano cha hosi cha gari, kile cha skrubu, kikifungwa kwenye bomba la ndani, juu tu ya mdomo wa bomba la nje. Kibano kinazuia bomba kushuka, hakichimbi, na kinaweza kusogezwa kwa bisibisi mpigaji akibadilika. Tangu kisa hiki ndicho ninachowashauri wote walio mbali na maduka.

Kilichofanya kazi zaidi ni lile jaribio la kuishika snea kwa vidole. Lilimaliza ubishi. Watu walikuwa wamegawanyika kati ya wanaosema snea mbovu na wanaosema fundi mitambo hajui, na sauti moja iliyosikiwa na wote kwa pamoja iliwaunganisha bila mtu kushindwa. Kueleza ukweli kwa waumini nako kulisaidia, maana mchango uliobaki ulikwenda kununua ngozi za tomu bila manung'uniko.

Kilichoshindwa ni mpango wa matunzo. Tulifunga ufunguo kwa kamba, tukaweka alama, tukapiga marufuku plaizi, lakini hatukumkabidhi mtu stendi. Kamba haiwezi kuchukua nafasi ya mtu. Nilishauri tangu mwanzo binti ndiye akabidhiwe, kwa sababu ndiye aliyeumia na ndiye anayesikia mapema jambo likiharibika, lakini wazee waliona bado mdogo. Sikusisitiza vya kutosha. Baada ya nati kupotea walibadili mawazo, wakamkabidhi pamoja na kopo lenye pete za plastiki, nati tatu za ziada, kitambaa cha kufutia chumvi, funguo mbili na orodha ya vitu vinavyopaswa kurudi kutoka mkutano wa nje. Plaizi ilirudishwa kwenye gari la mchungaji.

Kilichobaki sasa ni stendi ya haihati. Kile kishikio kinachoibana simbali ya juu kwenye fimbo hesi zake zimeanza kulika, na kijana mrefu ameshauliza kama fundi wa kuchomelea anaweza kuongeza chuma. Binti ameandika kipimo cha fimbo kwenye karatasi na kukituma Kariakoo.